Mafuta gramu 89, sahani mbili tofauti: ulinganisho wa milo yenye mafuta mengi kwa mishipa ya damu na hatari ya damu kuganda

Chukua siku mbili za kula, kila moja na kalori 2,000, na kila moja na takriban gramu 89 za mafuta, yaani asilimia 40 ya nguvu yote ya siku. Kwa vyovyote huo ni mlo wa mafuta mengi; Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi asilimia 30.

Siku ya kwanza mafuta yanatoka kwenye vijiko vikubwa vitatu vya siagi, vijiko viwili vya mafuta ya nazi na gramu 150 za nyama yenye mafuta. Siku ya pili yanatoka kwenye vijiko vikubwa vinne vya mafuta ya zeituni, gramu 30 za lozi na jozi, kipande cha gramu 120 cha samaki mwenye mafuta, na nusu kikombe cha mtindi. Ukijumlisha, mafuta yanalingana. Mafuta shibe, yale yanayoganda yakiachwa kwenye joto la kawaida, hayakaribiani hata kidogo. Siku ya kwanza ina kama gramu 55, ambazo ni robo ya kalori zote. Siku ya pili ina kama gramu 15, chini ya asilimia 7. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni asilimia 10, yaani gramu 22 kwa mtu wa kalori 2,000.

Kwa hiyo swali la kama mlo wa mafuta mengi unaharibu mishipa na kugandisha damu halijibiki likiulizwa hivyo hivyo. Inabidi kujua ni mafuta gani, tunazungumzia saa chache baada ya kula au miaka, na donge la damu linalohofiwa ni la ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) au la vena (mshipa unaoirudisha). Sahani hizi mbili zinafanana kwa jambo moja na kuachana kwa mengine yote, na ni vizuri kuanza na lile linalofanana, maana ndilo linalowachanganya wengi.

Saa za mwanzo baada ya kula

Mafuta yakimeng'enywa, utumbo huyafunga ndani ya chembe kubwa ziitwazo kailomikroni na kuziingiza kwenye damu. Trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, hupanda, hufika kileleni kati ya saa ya 3 na ya 4, na kwa mtu mwenye afya hurudi chini kufikia saa ya 6 hadi ya 8. Kwa mwenye kisukari au kitambi hukawia zaidi. Ukitoa damu wakati huo na kuiacha kwenye kichupa chembe nyekundu zitulie chini, ile sehemu ya maji ya juu, ambayo kwa kawaida ni njano na angavu, huonekana na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa. Mafundi wa maabara wanaijua sampuli hiyo kwa kuitazama tu.

Mshipa wa damu umetandikwa kwa ndani safu moja tu ya seli, endothelia. Safu hiyo hutoa nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa na kuzuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha, zisinate ukutani. Kuna njia ya kuipima. Mkono hubanwa kwa mkanda wa presha dakika 5, kisha huachiwa, na altrasaundi hupima ateri imepanuka kwa kiasi gani damu iliporudi kwa kasi. Mwaka 1997 mtafiti Robert Vogel na wenzake huko Marekani waliwapa watu 10 wenye afya milo miwili ya kalori 900, mmoja wenye gramu 50 za mafuta na mwingine usio na mafuta. Baada ya mlo wa mafuta, upanukaji wa ateri ulishuka kutoka asilimia 21 hadi kama 11, na ukabaki chini kati ya saa ya 2 na ya 4. Mlo usio na mafuta haukubadilisha kitu.

Hapo watetezi wa mafuta ya zeituni hudhani wao hawahusiki. Mwaka 2000 kundi hilohilo lilijaribu mafuta ya zeituni na mkate, na upanukaji ukashuka kwa karibu theluthi moja. Yalipoongezwa siki na mboga mbichi, athari ilipungua sana, na mlo wa samaki aina ya samoni haukuonyesha madhara hayo. Hizi ni tafiti ndogo na maabara nyingine zimepata matokeo yanayotofautiana, kwa hiyo zisibebeshwe mzigo mkubwa. Bado zinasema jambo la maana: katika saa za mwanzo, wingi wa mafuta kwa mkupuo mmoja na vitu vilivyoandamana nayo vina uzito kuliko jina lililo kwenye chupa.

Damu nayo huitikia. Mlo wa gramu 50 hadi 100 za mafuta huamsha faktori ya VII, protini inayoanzisha mnyororo wa kugandisha damu, na kilele chake hufika kama saa 6 au 7 baada ya kula. Mafuta ya kawaida ya kupikia karibu yote hufanya hivyo, ya zeituni na ya alizeti yakiwemo. Ila kwa watu wenye afya kupanda huko hakuandamani na ongezeko la trombini, protini inayotengeneza donge lenyewe. Sababu ni kwamba faktori ya VII ikiwa macho peke yake haina pa kuanzia. Inasubiri kukutana na protini nyingine, faktori ya tishu, iliyojificha ndani ya ukuta wa mshipa na kwa wingi ndani ya utando wa lehemu (kolesteroli) unaojengeka kwenye ateri. Utando huo ukipasuka ndipo zinapokutana. Mwenye mishipa safi na mwenye mishipa iliyojaa utando wanaweza kula mlo uleule, wakapandisha faktori ya VII sawasawa, na hatari yao isilingane hata kidogo.

Kwa matumizi ya kila siku: ukiamua kula gramu 89, zigawe, gramu 30 kwa kila mlo, badala ya kufungulia 80 usiku. Weka mboga za kutosha kwenye sahani hiyohiyo. Na usidharau miguu. Mazoezi ya wastani ya dakika 60 hadi 90 jioni ya kuamkia mlo mzito hupunguza kupanda kwa trigliseridi kwa kiasi kinachoonekana, kwa sababu misuli iliyofanya kazi huwa na kimeng'enya kingi zaidi cha kuzichambua kailomikroni.

Miezi na miaka: hapa ndipo sahani zinapoachana

Mafuta shibe, hasa asidi za lauriki, miristiki na palmitiki, hupunguza vipokezi vya ini vinavyoondoa lehemu ya LDL kwenye damu. LDL inabaki kuzunguka, inapenya ukuta wa ateri, inaoksidika, seli za kinga zinaimeza, na utando unajengeka. Ndiyo sababu siagi, mawese na mafuta ya nazi huipandisha LDL. Asidi ya steariki, iliyo nyingi kwenye kakao na mafuta ya ng'ombe, haiipandishi sana, lakini haipatikani peke yake kwenye chakula, kwa hiyo kujitetea kwayo ni kujidanganya. LDL iliyo juu pia huzifanya chembe sahani ziwe nyepesi kushikana, na endothelia iliyolemewa hutoa nitriki oksidi kidogo hata asubuhi kabla ya kula.

Kwa kijiko kikubwa kimoja (kama gramu 14), gramu zilizomo ni takriban hizi:

| Mafuta | Shibe | Yasiyo shibe, aina ya mono | Yasiyo shibe, aina ya poli |
|---|---|---|---|
| Nazi | 11–12 | 1 | chini ya 0.5 |
| Siagi | 7 | 3 | 0.5 |
| Mawese | 7 | 5 | 1 |
| Nguruwe | 5 | 6 | 1.5 |
| Zeituni | 2 | 10 | 1.5 |
| Alizeti ya kawaida | 1.5 | 3 | 9 |
| Kanola | 1 | 9 | 4 |

Vijiko viwili vya mafuta ya nazi vimeshamaliza ukomo wa siku nzima kabla hujagusa chakula kingine. Kwamba yanatoka kwenye mmea hakubadilishi hesabu hiyo.

Ushahidi wa kubadilisha aina ya mafuta si haba. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio ya miaka 2 au zaidi, yalikuta kwamba kupunguza mafuta shibe hushusha matukio ya moyo na mishipa kwa kama asilimia 17. Lakini angalia kilichowekwa mahali pake. Mafuta shibe yakibadilishwa na mafuta ya aina ya poli, faida inaonekana. Yakibadilishwa na sukari na unga mweupe, faida karibu yote inapotea: trigliseridi zinapanda na HDL, ile lehemu iitwayo nzuri, inashuka. Mlo wa "mafuta kidogo" uliojazwa mkate mweupe na vinywaji vitamu si kimbilio, na mtu aliyetoka kwenye siagi kwenda huko hajaifanyia mishipa yake hisani yoyote.

Sahani ya pili yenyewe imejaribiwa Uhispania. Jaribio la PREDIMED, lililochapishwa 2013 na kuchapishwa upya 2018 baada ya kasoro za upangaji wa washiriki kurekebishwa, liliwafuatilia watu 7,447 wenye hatari kubwa ya moyo kwa karibu miaka 5. Waliopewa mafuta ya zeituni yasiyosafishwa (vijiko 4 au zaidi kwa siku), au gramu 30 za jozi, lozi na hazeli, walipata matukio makubwa pungufu kwa kama asilimia 30 kuliko kundi lililoshauriwa kupunguza mafuta, na tofauti ilionekana zaidi kwenye kiharusi. Mwaka 2022 likaja CORDIOPREV, la watu 1,002 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo huko Córdoba, wakafuatiliwa miaka 7. Mlo wa zeituni ukaushinda tena mlo wa mafuta kidogo. Sijui sahani nyingine ya mafuta mengi yenye ushahidi wa uzito huo.

Keto

Mlo wa keto hushusha wanga chini ya gramu 50 kwa siku na kupandisha mafuta hadi asilimia 70 au 80 ya nguvu. Kwa kalori 2,000, asilimia 75 ni gramu 167 za mafuta. Faida zake ni za kweli: trigliseridi hushuka, HDL hupanda, sukari na insulini hutulia, uzito hupungua. PAI-1, protini inayozuia mwili kuyeyusha madonge, huwa juu kwa wenye kitambi na usugu wa insulini, na hushuka uzito unapopungua. Kwa upande huo keto inasaidia, kama unavyosaidia mlo wowote unaopunguza kitambi.

Tatizo ni LDL. Kwa wengine haisogei, kwa wengine inapaa, na wembamba wenye mazoezi mengi ndio mara nyingi hushtushwa na majibu. Kisha fanya hesabu ambayo wauza keto hawaifanyi. Hata ukila gramu 167 zote kutoka kwenye mafuta ya zeituni, ambayo ni shibe kwa asilimia 14 tu, unapata gramu 23 za mafuta shibe. Umeshavuka ukomo kwa mafuta bora kabisa. Ukizitoa kwenye siagi na mafuta ya nyama, zinavuka 80. Anayetaka kupunguza wanga kwa ajili ya kisukari ana njia ya kati: wanga gramu 100 hadi 130, mafuta asilimia 40 hadi 45 kwa mtindo wa sahani ya pili, na maharage yabaki kwenye chakula kwa ajili ya nyuzinyuzi, ambazo zenyewe hushusha LDL.

Wiki ya kwanza ya keto mwili hutumia akiba yake ya glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa, na kila gramu ya glikojeni huondoka na kama gramu 3 za maji. Ndiyo maana mizani hufurahisha haraka hivyo. Aliyewahi kupata donge la mguuni asianze keto wiki ambayo ana safari ndefu ya kukaa au upasuaji, kwa kuwa kukaukiwa maji na kutosogea ni vitu viwili visivyofaa kukutana. Anayemeza dawa za kisukari za kundi la glifozini (majina yao huishia na "-glifozini") asiingie keto bila daktari wake kujua. Hatari ni damu kujaa asidi huku sukari ikionekana karibu na kawaida.

Transi na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi

Hapa hakuna cha kupima faida na hasara. Mafuta ya transi ya kiwandani, yanayotokana na mafuta kutiwa haidrojeni kwa sehemu, huipandisha LDL na kuishusha HDL kwa pamoja, na huchochea uvimbe (inflamesheni) ndani ya mishipa. Denmark iliyawekea ukomo kwa sheria tangu 2003: gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Ushauri wa dunia ni yasifike asilimia 1 ya nguvu, yaani gramu 2.2 kwa siku. Kwenye lebo tafuta maneno yanayosema mafuta yametiwa haidrojeni kwa sehemu. Yaliyotiwa haidrojeni kikamilifu hayana transi nyingi, ila ni shibe. Usiamini sifuri bila kusoma ukubwa wa kipimo: sheria za Marekani huruhusu kuandika 0 ikiwa kipimo kimoja kina chini ya gramu 0.5, na mtu anayekula vipimo vinne anaweza kukaribia gramu 2 huku akidhani hajala kitu.

Mafuta mazuri pia huharibiwa jikoni. Yakikaangiwa tena na tena hutengeneza lipidi zilizooksidika zinazoiumiza endothelia, na yale ya aina ya poli, kama alizeti ya kawaida, huharibika mapema zaidi. Kaanga kwenye nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi, chuja mabaki ya chakula, na yamwage yakianza kutoa povu lisilotulia, kunata, kuwa meusi au kutoa moshi kabla ya joto yaliyolizoea.

Donge la ateri si donge la vena

Donge la ateri, linaloleta mshtuko wa moyo na aina nyingi za kiharusi, kwa kawaida huanzia kwenye utando uliopasuka na limejaa chembe sahani. Donge la vena, la mguuni na linaloweza kukatika likaenda mapafuni, hutokana zaidi na damu kusimama na mnyororo wa kugandisha: upasuaji, saratani, ujauzito, vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, kulala kitandani muda mrefu, kurithi. Aina ya mafuta ina nguvu kubwa kwenye la kwanza. Kwenye la pili chakula huingia zaidi kupitia uzito wa mwili. Anayebadilisha siagi kwa zeituni ili asipate tena donge la mguuni, lakini uzito uko palepale na dawa kaacha, amefunga mlango usio wake.

Mafuta ya samaki huwekwa katikati ya mjadala huu. Mwaka 1979 watafiti Dyerberg na Bang waliripoti kwamba Wainuiti wa Greenland, walioishi kwa samaki na wanyama wa baharini, walikuwa na chembe sahani zisizoshikana kirahisi na walitokwa damu kwa muda mrefu zaidi wakikatwa kidogo ngozini. Omega-3 hupunguza thromboksani, kemikali inayoziita chembe sahani zikusanyike. Milo miwili ya samaki mwenye mafuta kwa wiki inatosha watu wengi. Vidonge vya gramu 2 hadi 4 kwa siku hushusha trigliseridi kwa asilimia 20 hadi 30, lakini dozi hizo pia huongeza uwezekano wa moyo kupiga bila mpangilio kwenye vyumba vya juu, hali ambayo yenyewe huzalisha madonge yanayokwenda kwenye ubongo. Dozi kubwa ziwe kwa maelekezo ya daktari.

Kuchagua kwa hali yako

Mwenye LDL ya juu, aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au mwenye ndugu wa karibu aliyepata akiwa kijana: sahani ya pili, na sioni sababu ya kujaribu nyingine. Chakula hakichukui nafasi ya statini (dawa za kushusha lehemu) alizoandikiwa.

Mwenye kisukari cha aina ya 2, kitambi, na trigliseridi zilizopanda kiasi: apunguze wanga, hasa sukari na unga mweupe, na pengo alizibe kwa mafuta yasiyo shibe.

Mwenye trigliseridi zaidi ya 10 mmol/L (kama 885 mg/dL): asile mlo wowote wa mafuta mengi, hata wa zeituni. Kwa kiwango hicho kimeng'enya cha kuchambua kailomikroni kimeelemewa, na hatari ya haraka ni kongosho kuvimba. Mafuta hushushwa hadi asilimia 10 au 15 ya nguvu chini ya uangalizi wa hospitali, pombe na sukari huondolewa kabisa.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaruhusiwa sahani ya pili, ila vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo, ndiyo ya kuangalia. Kijiko cha mafuta ya zeituni kina kama mikrogramu 8 na cha soya kama 25, hesabu ndogo ukilinganisha na nusu kikombe cha mchicha uliopikwa, unaoweza kubeba mamia. Mboga zisikatwe, ziliwe kwa kiasi kilekile kila siku, na INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) ipimwe tena ndani ya wiki moja au mbili baada ya kubadili mlo. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani, hazijali vitamini K, lakini vidonge vyake vya miligramu 15 na 20 lazima vimezwe pamoja na chakula, vinginevyo mwili haunyonyi dozi yote. Anayefunga kula mchana ajipange na hilo.

Kipimo gani kitakuonyesha

Wengi huenda maabara kuomba kipimo cha "damu nzito". Hakuna kipimo kimoja cha hivyo. PT, INR na APTT, vipimo vya muda wa damu kuganda, haziwezi kuonyesha kama siagi imekudhuru, na D-daima ni ya kutafuta donge linaloshukiwa sasa hivi, haipimi chakula. Unachohitaji ni LDL, HDL, trigliseridi na, ikipatikana, ApoB, protini iliyo kwenye chembe zinazobeba lehemu mbaya. Pima kabla ya kubadili mlo, kisha wiki 6 hadi 12 baadaye, ukiwa hupungui uzito kwa kasi, maana LDL huyumba wakati huo. Toa HDL kwenye lehemu yote. Kinachobaki ni lehemu mbaya yote kwa jumla, na hesabu hiyo haiharibiki hata kama ulikula. LDL iliyokokotolewa kwa fomula ya Friedewald haifai trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L, hivyo omba ipimwe moja kwa moja. LDL ikifika 4.9 mmol/L (190 mg/dL), acha mlo ulioufuata na umwone daktari, kwani hapo huenda pia kuna lehemu ya kurithi.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, pumzi ikikata, kifua kikibana, au uso na mkono wa upande mmoja vikilegea, ni hospitali saa hiyohiyo, na majibu ya lehemu yatasubiri.